Mstari wa Tatu

Nilikuwa nimejiambia kwamba nitaenda Ruiru kumzika Mwalimu Gathungu, nitaketi nyuma ya hema, nitaimba nyimbo mbili na kurudi Ngoingwa kabla chakula hakijapakuliwa. Nilikuwa hata nimemwambia msichana ninayefanya kazi naye kwenye duka langu la dawa kwamba saa nane nitakuwa nimefika. Lakini binti mkubwa wa Mwalimu, Wairimu, akasimama kusoma historia ya marehemu, na alipofika kwenye miaka ya uzee wa babake akaiweka karatasi chini, akazungumza bila kusoma. Alisema babake alifundisha jiografia maisha yake yote, na alipostaafu akawa anafundisha wasichana chesi nyumbani kila Jumamosi, kisha siku moja akaacha ghafla, akagawa kete na ubao. Walipomuuliza kwa nini, aliwaambia kwamba alimpotosha mwanafunzi mmoja kwa mdomo wake mwenyewe, na mtu ambaye mdomo wake umeanza kukosea hafai kufundisha. Watu walitikisa vichwa kwa upole. Nyuma yangu mama mmoja alisema huyo mzee alikuwa mnyenyekevu kweli. Mimi niliangalia viatu vyangu. Nilipoinua macho, niliona mwanamke aliyekaa safu tatu mbele amegeuka kumtazama Wairimu vizuri, na nikautambua uso wake kwa upande kabla sijakumbuka jina. Alikuwa Mumbua. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka thelathini, na yeye ndiye mwanafunzi aliyepotoshwa. Aliyempotosha nilikuwa mimi.

Mwaka mambo hayo yalipotokea nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule ya upili, sina karo ya kwenda mbele. Chuo kimoja cha kibinafsi kilikuwa kimetangaza kwamba msichana atakayekuwa wa kwanza katika mashindano ya chesi ya mwisho wa mwaka, pale Thika, atasomeshwa bure mpaka amalize. Wengi walicheka tangazo lile, kwa sababu wasichana tuliojua chesi upande wetu tungeweza kukaa kwenye benchi moja. Mimi nilikuwa nimejifunza shuleni, nikawa nacheza vizuri kiasi cha kushinda wavulana wasiokuwa makini. Mtu akaniambia kuna mwalimu mstaafu huko Ruiru, anaujua mchezo mpaka ndani, na hataki malipo. Nilipofika Jumamosi ya kwanza nilimkuta msichana mwingine ameshafika, ameketi na viatu vyake vimejaa vumbi jekundu. Alikuwa ametoka Ngoliba, mbali kuliko mimi, ameamka wakati mimi nilikuwa nimelala fofofo. Alinikaribisha kama yeye ndiye mwenye nyumba. Aliniambia jina lake, akanisogezea kiti, akaniambia chai ya hapa ina maziwa mengi, nisiogope.

Nyumba ile ilikuwa ndogo, imeshikana na shamba la kahawa. Msimu wa kuvuna, upepo ulileta harufu ya maganda ya kahawa yaliyochachuka kutoka kiwandani, na mke wa Mwalimu, Mama Wairimu, alikuwa anafunga madirisha akilalamika, kisha anayafungua tena kwa sababu ya joto. Tulicheza juu ya meza ya chakula. Ubao ulikuwa katikati, na saa tano hivi ulisogezwa pembeni bila kuvuruga kete ili sahani za nduma na vikombe vipate nafasi. Mwalimu aliita kila kitu kwa Kiswahili: mfalme, malkia, ngome, farasi, askofu, na zile nane za mbele askari. Alizungumza polepole, akisimama kila baada ya sentensi kama mtu anayeandikisha imla. Alikuwa ameugawa mwaka mzima sehemu tatu. Miezi ya kwanza tungesoma ufunguzi, ya katikati tungesoma mapambano, na ya mwisho tungesoma namna mchezo unavyomalizika wakati ubaoni zimebaki kete chache tu. Alisema ufunguzi ni kama kutoka nyumbani asubuhi: funga mlango kwanza, na usianze kukimbia kabla hujajua unaenda wapi.

Katika ufunguzi mimi nilikuwa wa kwanza. Nilikariri. Nilijua hatua kumi na mbili za kila njia aliyotufundisha, na akiuliza, jibu langu lilifika kabla hajamaliza swali. Mumbua alisahau, akacheka, akaniuliza tena njiani tukienda stendi. Nilimsaidia kwa moyo wote. Nataka kulisema hilo, ingawa halinipunguzii kitu. Nilimpenda yule msichana. Tulikula kutoka sahani moja, aliniletea maembe ya kwao yaliyofungwa kwenye kitenge, na alikuwa mtu wa kwanza kuniambia kwamba nikifikiria sana huwa naimba puani bila kujua. Lakini nilimpenda nikiwa mbele yake. Sikuwa nimewahi kujaribu kumpenda nikiwa nyuma.

Tulipofika mapambano ya katikati, mambo yakageuka. Hapo hakuna cha kukariri. Kila mchezo unakuwa mpya, na lazima uangalie mwenyewe. Jumamosi moja Mumbua alinitolea ngome yake bure, akaiacha niile. Nilidhani amechoka. Hatua nne baadaye mfalme wangu hakuwa na pa kwenda. Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaanza kucheka kimya kimya huku mabega yakitikisika. Akamwuliza aliona lini. Mumbua akasema aliona tangu chai. Kuanzia siku hiyo alinishinda mara mbili katika kila michezo mitatu, na hakuona kama ni jambo kubwa.

Nilitoka nje kunawa mikono kabla ya chakula, mwezi wa Julai, na mfereji ulikuwa chini ya dirisha la jikoni. Mwalimu alikuwa ndani na mkewe. Mama Wairimu aliuliza kati ya wale wasichana wawili nani ataenda chuo. Nilisikia Mwalimu akivuta kiti. Kisha akasema, "Nyambura anasoma vizuri sana. Lakini Mumbua anaona. Kusoma naweza kumfundisha mtu. Kuona, sijui kunatoka wapi." Nilifunga mfereji, nikaufungua tena ili wasijue kwamba nilikuwa nimesimama kimya. Siku hiyo walipika mukimo na kitoweo cha mbuzi, na Mama Wairimu akaniwekea nyama nyingi kuliko ya mtu yeyote. Nilielewa kwamba ananihurumia. Nilikula yote.

Sasa nimekuwa mtu mzima, nimelea watoto wawili, na najua kwamba maneno ya Mwalimu hayakuwa na ubaya wowote. Alisema kweli, na aliisema jikoni mwake, kwa mkewe. Lakini mtu wa miaka kumi na tisa akisikia ukweli wake kupitia dirishani, anaubeba kama tusi. Nilianza kuhesabu. Nilihesabu sahani, nilihesabu mara ambazo Mwalimu alimtazama yeye kwanza akiuliza swali. Njiani kwenda stendi nilianza kujibu kwa mkato. Mumbua aliniuliza mara moja kama amenikosea. Nikasema naumwa kichwa.

Sehemu ya tatu tuliianza Septemba. Macho ya Mwalimu yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, hakuweza tena kusoma maandishi madogo, kwa hiyo alifundisha kutoka kichwani. Kuna somo moja alilolirudia zaidi ya mengine, kwa sababu, alisema, ndilo linalotokea mara nyingi zaidi katika maisha ya mchezaji. Umebaki na mfalme na ngome. Mwenzako ana mfalme, ngome, na askari mmoja anayetaka kufika mwisho awe malkia. Unaonekana umeshindwa, lakini hujashindwa. Weka ngome yako mstari wa tatu ukihesabu kutoka kwako, na uiache hapo ikizuia njia kama mti uliowekwa barabarani. Mfalme wake hawezi kupita. Akimsukuma askari mpaka mstari huo, peleka ngome mbali kabisa, umsumbue mfalme wake kutoka nyuma, na hatapata pa kujificha. Mtatoka sare. Lakini ukiogopa, ukairudisha ngome mstari wa kwanza ikae karibu na mfalme wako, atakusonga polepole mpaka ufe. Aliufanya mkono wangu uisogeze ngome ile mara ishirini, mpaka vidole vikazoea.

Nasema mkono wangu, kwa sababu Mumbua hakuwepo. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, mamake alikuwa ameteguka mguu, na hakukuwa na mwingine wa kupanda. Alikosa Jumamosi tatu, zile za mwisho kabla ya mashindano. Mwalimu alisikitika kuliko nilivyopenda. Jumamosi ya tatu alichukua daftari jipya, akanipa kalamu, akasema tutamwandikia Mumbua masomo yote aliyokosa, na kwa sababu ya macho yake mimi ndiye nitakayeandika. Akaanza kusoma kutoka kichwani, sentensi kwa sentensi. Niliandika kurasa kumi na moja kwa mwandiko mzuri. Alipofika kwenye somo la ngome akasema, taratibu, "Weka ngome yako mstari wa tatu." Niliandika: mstari wa kwanza. Niliendelea kurekebisha sentensi zilizofuata ili zikubaliane na uongo huo.  Mama Wairimu alipita nyuma yangu na birika, akasema nina mwandiko wa kupendeza.

Nilijiambia kwamba pengine halitatokea. Kuna mamia ya namna mchezo unavyoweza kumalizika. Nilijiambia hivyo Jumapili yake nikitembea kutoka barabara kuu ya Ngoliba hadi kwao, daftari likiwa ndani ya mfuko wa karatasi, jua likinichoma. Mumbua alinikuta njiani akiwa na udongo mpaka magotini, akanikumbatia hivyo hivyo. Mamake alikuwa ameketi kwenye mkeka, mguu umefungwa kitambaa, na hakuacha kunishukuru kwa kufika. Walinipikia muthokoi na kuku, kuku wa mgeni, na wao wenyewe wakala shingo na mabawa. Baada ya kula Mumbua alifungua daftari, akapanga kete, akasoma ukurasa wa ngome mara mbili. Akakunja uso.

"Nyambu, hii ya mstari wa kwanza, mbona naona ni kama ngome imefungwa? Haina kazi hapa."

"Ndivyo Mwalimu alisema."

"Una uhakika?"

"Mimi niliandika tu vile alikuwa anasoma."

Alitazama ubao tena, kisha akasema basi, Mwalimu anajua kutushinda. Aliona. Hata pale, kwa dakika mbili tu, juu ya mkeka, aliona. Nami nikatumia jina la mtu aliyemwamini kumfumba macho.

Mashindano yalifanyika katika ukumbi wa kanisa moja mjini Thika, meza zimepangwa mistari miwili, kila mtu kimya, kinachosikika ni mlio wa viti vya mbao tu. Ilipofika raundi ya mwisho, Mumbua alikuwa mbele yangu kwa pointi moja. Mimi nilishinda mapema. Yeye alihitaji sare tu, na alikuwa akicheza na msichana wa Nairobi aliyevaa sweta ya kijani, aliyecheza vizuri na kwa haraka. Nilienda kusimama nyuma ya viti pamoja na watu wengine. Kete zilipungua moja baada ya nyingine. Zilipobaki wafalme wawili, ngome mbili na askari mmoja wa kijani, kama nilivyomwita moyoni, nilisogea mpaka nikauona ubao vizuri. Mumbua aliinua ngome yake. Akaipeleka juu ya mstari wa tatu, akaishikilia hapo hewani, bila kuiweka. Nilimwona anakumbuka. Akairudisha nyuma, akaiweka mstari wa kwanza, kando ya mfalme wake, kama mwanafunzi mtiifu. Ilichukua nusu saa. Mwishoni alimpa yule msichana mkono, akasimama, akatafuta koti lake. Tukawa na pointi sawa, mimi na yeye, na kwa kuwa nilikuwa nimemshinda tulipokutana katika raundi ya pili, jina langu likatangazwa. Alikuja kunipongeza. Alinikumbatia kwa mikono baridi, akasema nisome kwa niaba yetu sisi wawili. Kisha akaondoka bila kumuaga Mwalimu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na macho yake mabovu, akimtafuta.

Jumamosi iliyofuata nilienda Ruiru kwa sababu kutokwenda kungeonekana vibaya. Mwalimu alikuwa peke yake sebuleni na ubao ulikuwa umepangwa vile vile ulivyokuwa ukumbini. Mtu alikuwa amemsimulia. Hakunipongeza kwanza. Aliniuliza, "Siku ile nilipokusomea, nilisema mstari wa ngapi?" Uso wake haukuwa na shuku hata kidogo. Alikuwa na hofu. Nilikuwa na muda wa kutosha kujibu kweli. Nakumbuka hata saa ya ukutani ikilia. Nikasema, "Wa kwanza, Mwalimu. Nilidhani umelibadilisha somo, nikaogopa kuuliza." Akatikisa kichwa mara kadhaa, akaanza kurudisha kete kwenye sanduku, moja moja, akizigusa kwa vidole kuhakikisha ni ipi. Hakunifundisha tena, wala mtu mwingine. Nikaenda chuo, nikasomea dawa.

Tangu nifungue duka langu Ngoingwa, wateja husema hakuna mtu anayesoma cheti cha daktari kwa uangalifu kama mimi. Nakisoma mara tatu. Nampigia daktari simu nikiona tarakimu isiyoeleweka. Husifiwa kwa hilo, na kila ninaposifiwa najua ni nini kinasifiwa.

Basi siku ile ya mazishi sikuondoka kabla ya chakula. Mumbua alinitafuta mwenyewe. Alikuja na sahani mbili za pilau, moja yangu, akaketi kando yangu chini ya hema. Nywele zake zilikuwa nyeupe pembeni. Tuliulizana habari za watoto na mvua. Aliniambia bado yuko Ngoliba, analima, ana wajukuu wawili. Kisha akaniambia yaliyomleta. Miaka miwili baada ya mashindano alikuwa ameona kitabu cha chesi kwenye maktaba ya Thika, akasoma pale kuhusu ngome, akajua kwamba ukurasa wake ulikuwa wa uongo. Aliamua Mwalimu alifanya makusudi, ili chuo kiende kwangu, mtoto wa kabila lake. Mwalimu alimwandikia barua tatu, naye hakuzifungua. Mara moja alifika hadi Ngoliba akishikwa mkono na mkewe, na Mumbua akajificha kwenye mahindi, akamwambia mamake aseme ameenda Kitui. Alimwona mzee akirudi barabarani akijigonga kwenye mawe.

"Nilikuja leo kumsamehe," alisema. "Nilidhani nimefika mbali sana. Sasa nimesikia vile Wairimu amesema, kumbe alikuwa tu amekosea, mzee wa watu. Ni mimi natakiwa kuomba msamaha, na hayupo."

Nilimwuliza kama hakuwahi kunishuku mimi. Alishangaa. "Wewe? Wewe ulikuja kwetu kwa miguu."

Ningeweza kunyamaza. Hilo ndilo linalonitisha zaidi nikikumbuka: jinsi kila kitu kilivyokuwa kimejipanga vizuri. Mwalimu amezikwa akiwa mnyenyekevu, Mumbua amepata amani, na mimi nina sahani ya pilau. Nikaiweka chini kwenye nyasi. Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu dirisha la jikoni, kalamu, na neno nililobadilisha. Nilimwambia kwamba Mwalimu alisema tatu, kwa sauti, polepole, na mdomo wake haukukosea kamwe. Mumbua hakuniangalia. Aliendelea kula mpaka sahani yake ikaisha, kama watu wa mashambani wanavyokula kwa kuwa chakula si cha kutupwa. Kisha akasema, bila kuinua sauti, "Enda umwambie Wairimu. Mimi usiniambie kitu kingine leo." Alisimama, akaelekea kaburini peke yake, na sijazungumza naye tena tangu siku hiyo.

Wairimu alikuwa nyuma ya nyumba akisuuza sufuria pamoja na wanawake wawili. Niliomba wale wengine watupishe. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika kitambaa cha kukaushia, maji yakimdondoka viganjani. Nilidhani atalia au atanifukuza. Aliniuliza kama nilijua babake alikuwa na miaka mingapi mwaka ule. Nikasema sijui.

"Sitini," alisema. "Sitini tu. Macho akatibiwa, akaona vizuri. Lakini akaishi miaka thelathini akiogopa kichwa chake. Hakuwahi tena kubeba funguo za nyumba. Akitaka kutuambia kitu cha maana, anatuambia turudie, asikie kama alisema sawa. Mamangu amekufa akimrudishia maneno yake."

Nilisema naomba msamaha. Akasema msamaha ni wa baadaye, pengine, na kwamba yeye hataubeba ujumbe huu kwa niaba yangu. Ana kaka wanne, wote wako hapa. Nikawaambie mimi mwenyewe, mmoja mmoja, kabla hawajaondoka.

Nikawatafuta. Wa kwanza alikuwa akifungua kamba za hema, wa pili na wa tatu walikuwa wakiwasindikiza wageni langoni. Mmoja alinitemea neno ambalo sitaliandika, na nilistahili. Wa mwisho, mkubwa wao, alikuwa ameketi kwenye gari na mlango wazi, fimbo katikati ya magoti, na masikio yake hayasikii vizuri. Nilipomaliza kusema, aliniinamia, akaweka kiganja nyuma ya sikio, akaniambia hakunipata, nirudie kwa sauti. Watu walikuwa wamesimama pande zote wakiagana. Nikarudia.